Rimoti ya Mjomba na Msahafu wa Mwanetu

 

Wasomaji wetu watukufu, akina mama na akina baba, mmezoea kutuona katika ukurasa huu tukizungumzia twahara, mirathi, haki za mke na mume, na adabu za ujirani. Juma hili mtatuwia radhi, kwani twaleta habari ya kijisanduku cha plastiki chenye vijiti viwili na antena. Siku kilipoingia nyumbani mwetu tulikihesabu kuwa ni kitu cha kupoteza wakati. Kabla ya mwezi kwisha kilikuwa kimetuonyesha kosa letu, nalo ni kosa tulilomfanyia mwana wetu wa kumzaa. Twalisimulia kwa sababu twadhani hatuko peke yetu.

Kijisanduku hicho kilitoka Muscat. Shemeji yetu, kaka wa mama watoto, amefanya kazi huko kwa miaka mingi, na siku za mapumziko hurusha helikopta ndogo, zile zisizopandwa na mtu, ambazo huongozwa na aliyesimama chini. Mwanetu wa mwisho, mwenye umri wa miaka 15, aliziona katika video alizotumiwa, akaingiwa na hamu, akamwomba mjomba wake amletee moja. Mjomba hakuleta helikopta. Alimpa msafiri aliyekuwa akirudi Mombasa rimoti yake ya zamani na waya mmoja, kisha akatuma ujumbe wa sauti: "Mwanangu, helikopta itakuja siku utakapoweza kuifanya ielee mahali pamoja kwa dakika tatu katika kompyuta bila kuiangusha. Kabla ya hapo usiniulize."

Sharti hilo lilikuwa na hekima ndani yake. Mapanga ya helikopta hizi, ingawa ni ndogo, huzunguka zaidi ya mara 1,000 kwa dakika, na yaweza kumkata mtu vidole au kumdhuru usoni. Chombo kikianguka mara moja, gharama ya kukitengeneza haiwi ya kitoto. Tena nchini mwetu vyombo visivyo na rubani ndani yake haviingizwi wala kurushwa ovyo. Vina kanuni zake chini ya mamlaka ya anga, KCAA, na mtu hupaswa kutafuta idhini kwanza. Katika kompyuta helikopta ikianguka, mtu hubonyeza kitufe, nayo husimama tena nzima.

Yafaa tueleze kitu chenyewe, maana si kila msomaji amekiona. Rimoti hii haifanani na ile ya televisheni. Ni redio ya kurushia amri. Mrushaji huishika kwa mikono miwili, na kila kidole gumba hukaa juu ya kijiti chake. Kijiti cha kushoto kikipandishwa, mapanga ya helikopta hujipinda kwa pembe kubwa zaidi, yakaukamata upepo na chombo kikapaa. Kikisukumwa kando, huugeuza mkia. Kijiti cha kulia hukiinamisha chombo mbele, nyuma, kulia na kushoto. Kila amri husafiri katika njia yake, na mafundi huziita njia hizo chaneli. Ukichomeka waya nyuma ya rimoti na kuupeleka kwenye kompyuta, amri zile zile ambazo zingerushwa hewani huingia katika programu inayoiga urukaji, ambayo vijana huiita simuleta. Kwa kila chaneli rimoti hutoa mdundo mfupi wa umeme: milisekunde moja kijiti kikiwa mwisho wa upande mmoja, milisekunde mbili kikiwa mwisho wa upande wa pili, na moja na nusu kikiwa katikati. Midundo hiyo hurudiwa zaidi ya mara 40 kwa kila sekunde. Kompyuta haioni kidole wala haijui nia ya mtu. Yaona midundo tu.

Kujifunza kuruka bila kuondoka ardhini si jambo geni. Mwaka 1929 Mmarekani mmoja, Edwin Link, ambaye baba yake alikuwa akitengeneza vinanda, aliunda mashine ya kumfundishia rubani akiwa ndani ya chumba, na hadi leo marubani wa ndege za abiria hupimwa katika mashine za namna hiyo. Tuliposomewa habari hizi na mwanetu, tuliukumbuka ubao wa chuoni tulipokuwa wadogo. Maalim alituandikia, tukasoma, tukafuatisha kwa wino wetu, tukakosea, kisha ubao ukaoshwa. Kosa lilikwenda na maji, na asubuhi ubao ulitungoja mweupe.

Pamoja na hayo hatukukipenda kitu hiki, na sababu yake yatupasa tuiseme waziwazi. Mwanetu alikuwa amehifadhi juzuu 9 za Qur'ani, nasi ndio maalim wake. Tangu mwaka kuanza alikuwa amekwama. Hakuongeza, na hata yale aliyokuwa akiyasoma bila kusita yalianza kumponyoka. Katika murajaa alikuwa akifika katikati ya ukurasa, akinyamaza, macho yakitafuta kitu ukutani. Alhamisi moja, mbele ya wenziwe wote, tulimwambia kwamba akili yake haitulii, na kwamba mwana wa maalim asiyetulia ni aibu ya maalim. Tulidhani maneno yale yatamchoma apate kuamka. Tangu siku ile alisoma alipoamriwa kusoma, alijibu alipoulizwa, na hakuzidisha neno. Nyumbani alipita sebuleni kama mpangaji.

Basi rimoti ilipofika na furaha ikarudi usoni pake, sisi tuliona wivu, Mungu atusamehe. Tulikuwa karibu kuifungia kabatini. Mama yake ndiye aliyetuzuia. Alituambia, "Baba, mtoto hazungumzi nawe. Kitu hiki amekipenda. Keti naye, hata kama wewe hukipendi." Tuliketi.

Usiku wa kwanza, baada ya swala ya Isha, tulichomeka waya na kompyuta ikaitambua rimoti. Programu ilitutaka tuviache vijiti katikati, tubonyeze kitufe, kisha tuvizungushe hadi kwenye pembe zote ili ijue mwisho wa kila upande. Tulifanya hivyo, tukadhani kazi imekwisha. Helikopta ikaonekana kwenye kioo, imetua juu ya nyasi, mkia ukituelekea. Mwanetu alipandisha kijiti cha kushoto polepole. Ilipoanza tu kunyanyuka, ililala upande wa kushoto, ikajipigiza chini, mapanga yakarukia mbali. Akairudisha. Ikalala tena. Alipojaribu kuizuia kwa kijiti cha kulia, iliinamisha pua na kwenda mbio hadi ikatoweka. Usiku wa pili mambo yalikuwa yale yale, na wa tatu vivyo hivyo. Haikukaa hewani hata mara moja kwa muda wa kutimiza Bismillahi.

Usiku wa nne tulimwambia, "Mkono wako hautulii."

Yalipotutoka tu maneno hayo, tuliona mabega yake yakishuka. Aliiweka rimoti juu ya meza taratibu, akasema, "Naam, Baba," akaenda kulala.

Mama yake alikuwa chumba cha pili kwenye cherehani, akimalizia mabuibui ya watu. Hakuinua uso. Alisema, "Chuoni umesema akili haitulii. Hapa wasema mkono hautulii. Mimi mshono ukiruka, siulaumu uzi kwanza. Natazama sindano imekaaje, natazama mkazo. Nimewahi kufumua gauni zima la watu, nikaulaani uzi na aliyeniuzia, kumbe sindano niliitia kinyume kwa mkono wangu." Kisha cherehani ikaendelea, nasi tukabaki tumesimama mlangoni bila jibu.

Kesho yake tulimpigia simu shemeji. Tulimweleza chombo kinavyolala, naye akauliza swali moja tu: "Shemeji, mmeiwasha ikiwa katika kumbukumbu ya chombo gani?" Hatukujua kwamba rimoti ina kumbukumbu. Ndipo alipotufahamisha.

Rimoti moja yaweza kuhifadhi mipangilio ya vyombo vingi, kila kimoja na kumbukumbu yake. Ile ya shemeji ilikuwa ingali katika kumbukumbu ya helikopta yake mwenyewe. Helikopta hiyo, chini ya mapanga yake, ina sahani inayoshikwa na mota ndogo tatu zilizopangwa kwa nyuzi 120. Ili sahani ipande bila kuinama, sharti mota zote tatu ziende pamoja. Kwa hivyo rimoti ilikuwa imepangwa ichukue amri ya kijiti kimoja na kuigawanya katika chaneli tatu. Programu ya kompyuta nayo hufanya mgawanyo huo huo ndani yake. Amri ikawa yagawanywa mara mbili. Mwanetu aliposema kwa kidole chake, "Panda," programu ilisikia, "Panda, lala kushoto, inama mbele." Wahenga walisema nahodha wengi, chombo huenda mrama. Hapa manahodha walikuwa wawili tu, na walitosha kukizamisha.

Palikuwa na kosa la pili. Kando ya kila kijiti mna kitufe kidogo, kiitwacho trimu, cha kusogezea kitovu cha kijiti hicho. Shemeji alikuwa amezisogeza trimu zake ili zilingane na chombo chake. Sisi tulipoionyesha kompyuta katikati, tuliionyesha katikati iliyopinda, upande mmoja ukawa na nafasi kubwa kuliko wa pili.

Shemeji alituelekeza tufungue ukurasa wa programu unaoonyesha chaneli kama milia inayosogea. Tulisukuma kijiti kimoja kwenda juu, na milia mitatu ikasogea kwa pamoja. Hapakuhitajika ushahidi mwingine. Ukurasa huo ulikuwapo tangu usiku wa kwanza. Hatukuufungua, kwa kuwa tulikuwa tumekwisha kuamua kosa liko kwa nani.

Jioni hiyo tulianza upya, sisi na mwanetu, na twaueleza utaratibu wenyewe kwa faida ya mzazi ambaye mtoto wake atafikiwa na kitu kama hiki. Kwanza tulifungua kumbukumbu mpya isiyo na chochote. Tulipoulizwa aina ya chombo, tulichagua ndege ya kawaida ingawa tulikusudia helikopta, kwa sababu aina hiyo haichanganyi amri: kijiti kimoja, chaneli moja. Mchanganyo wote tukaiachia programu. Pili, tulirudisha trimu zote kwenye sufuri. Tatu, tulirudia kuipimia kompyuta, vijiti vikiwa vimetulia katikati kwa hakika, kisha tukavipeleka hadi mwisho wa kila upande bila haraka. Nne, kabla ya kuruka, tulijaribu amri moja baada ya nyingine tukiutazama ule ukurasa wa milia. Kila kijiti sasa kilisogeza mlia mmoja.

Mkia tu ndio uliokataa. Tulipougeuza kulia, pua ya helikopta ilikwenda kushoto. Hili nalo ni jambo dogo kulirekebisha: programu ina mahali pa kugeuza mwelekeo wa chaneli, tukaugeuza. Hapo tulimsimulia mwanetu habari za Abbas bin Firnas, mwanachuoni na mshairi wa Qurtuba huko Andalusi, aliyefariki mwaka 887. Mwanahistoria al-Maqqari ameeleza kwamba mtu huyo alijivika manyoya na mbawa, akaruka kwa masafa, kisha akaumia wakati wa kutua, kwa sababu hakujifanyia mkia, naye ndege hutua kwa msaada wa mkia wake. Helikopta ina haja zaidi ya mkia. Bila panga dogo la nyuma, mwili wote ungezunguka kinyume cha mapanga makubwa ya juu. Mwanetu alisikiliza, akatabasamu. Lilikuwa tabasamu la kwanza alilotupa baada ya majuma mengi.

Kisha akapandisha kijiti. Helikopta ilinyanyuka wima, ikayumba, ikarudi, ikaelea. Tulihesabu sekunde 11 kabla haijaanguka. Tulisahau usheikh wetu, tukapiga kofi la furaha na kusema, "Kumbe haukuwa mkono wako! Ilikuwa na kumbukumbu ya chombo kingine."

Alinyamaza. Macho yake yalibaki kwenye kioo. Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Hata msahafu, Baba."

Tulimuuliza ana maana gani. Alichukua muda. Alitueleza kwamba tangu alipobadilishiwa msahafu, hazioni tena aya mahali pake. Zamani akifumba macho aliiona aya iko juu ya ukurasa wa kulia, au mstari wa tatu kutoka chini upande wa kushoto, na mwisho wa ukurasa ulimvuta kwenye mwanzo wa ukurasa ufuatao. Sasa akifumba macho kurasa mbili zaja kwa pamoja na kuzuiana. "Nikifika hapo nasimama," alisema. "Sikosi kujua, Baba. Sijui niko ukurasa gani."

Ndugu wasomaji, hakuna aliyehifadhi Qur'ani asiyelijua jambo hili. Msahafu wa chapa ya Madina una mistari 15 kwa kila ukurasa na kurasa 604, na kila ukurasa huishia mwisho wa aya. Mtoto anayehifadhi kwa msahafu huo huhifadhi kwa sikio na kwa jicho pia, hata ukurasa ukawa kama chumba anachokijua gizani. Mwanzoni mwa mwaka chuo chetu kililetewa msaada wa misahafu mipya mizuri, ya mistari 13, iliyochapishwa kwa mtindo wa Bara Hindi. Maneno ya Mwenyezi Mungu ni yale yale. Mpangilio wa kurasa na namna ya kuandika alama ndivyo vilivyo mbali. Msahafu wa mwanetu ulikuwa umechakaa, jalada limetoka, kurasa za mwanzo zimelegea. Tuliuchukua kwa mkono wetu, tukampa mpya, tukamwambia ashukuru. Kisha tulipoona anayumba, hatukuuliza tulichobadilisha. Tulimtazama yeye.

Tulimuuliza kwa nini hakutwambia. Alijibu, "Ulisema nishukuru, Baba."

Usiku ule tulikwenda kuutafuta msahafu wa zamani. Haukuwapo. Ulikuwa miongoni mwa kurasa na misahafu iliyochakaa ambayo sisi wenyewe tuliikusanya na kuizika kwa heshima katika mwezi wa Shaabani, kama ipasavyo. Kesho yake tulinunua mwingine wa chapa ile ile ya Madina. Mwanetu aliupokea kwa mikono miwili, akaufungua, akaona kurasa ziko mahali pake, akashusha pumzi. Lakini alama zake za penseli, zile alizoziweka mwenyewe pembeni mwa kila aya iliyokuwa ikimtatiza kwa muda wa miaka minne, hazikurudi, wala hazitarudi. Hilo ni deni lililo juu yetu.

Lilibaki jambo zito zaidi. Tulimwomba radhi nyumbani, naye akasema, "Si kitu, Baba," kama wasemavyo watoto wenye adabu. Lakini maneno yetu hatukuyasema nyumbani. Tuliyasema chuoni, mbele ya vijana 20 na ushei, na kila mmoja wao alikuwa angali nayo. Tulijitetea ndani ya nafsi kwa siku mbili. Tulisema haiba ya maalim ikishuka, nani atawaongoza watoto? Tulisema kijana amekwisha kusamehe, ya nini kufukua? Siku ya tatu tuliona kwamba kosa la hadharani halitengenezwi faraghani. Alhamisi baada ya swala ya Alasiri, kabla ya kufungua somo, tulisimama mbele ya darasa, tukawaeleza habari ya msahafu, tukasema kwamba tulimdhulumu, na tukamtaka radhi mbele yao.

Darasa lilinyamaza kimya. Hatukuweza kuwatazama. Kisha mtoto mmoja wa nyuma, mdogo wa umri, ambaye naye tulimhesabu kuwa mzito wa kuhifadhi, akainua mkono na kusema, "Maalim, hata mimi." Baada yake wakainua wengine watatu.

Tangu siku hiyo chuo chetu kina kanuni: mtoto huanza na kumaliza kwa chapa moja ya msahafu. Ikibidi ibadilishwe, hupewa muda wa kuzizoea kurasa mpya kabla ya kusikilizwa. Misahafu ya msaada inatumika, alhamdulillahi, na wale wanaoanza sasa, ambao kwao hiyo ndiyo ya kwanza. Twaiandika kanuni hii hapa kwa ajili ya maalim wenzetu na akina mama wanaowasikiliza watoto nyumbani. Mtoto akikwama ghafla katika yale aliyokuwa akiyajua, ulizeni kwanza: Msahafu ni ule ule? Anakaa mahali pale pale? Aona vizuri? Asikia vizuri? Alala? Kuna aliyemwambia neno?

Twajua wako watakaosema kwamba tukifanya hivi tutawadekeza watoto. Uvivu upo, nasi tumeuona katika miaka yetu ya ualimu, na una dawa yake. Lakini mvivu na aliyepotezwa njia hufanana kwa mbali, kwani wote wawili husimama. Anas bin Malik (r.a.), aliyemtumikia Mtume (s.a.w.) kwa miaka 10 tangu utotoni, alisimulia kwamba katika muda wote huo hakuwahi kuambiwa naye hata neno la karaha, wala kusutwa kwa alilolifanya au aliloliacha. Sisi tuliifundisha hadithi hiyo mara nyingi. Tuliifundisha tukiwa na fimbo mezani.

Rimoti bado iko nyumbani, na twakiri kwamba siku hizi tunaisubiri Isha kwa sababu mbili. Mwanetu ametushika mkono atufundishe, nasi tumekuwa wanafunzi wazito. Helikopta ikiwa imetupa mkia, twaweza kuituliza kidogo. Shida huanza inapogeuka ikatutazama. Hapo kulia kwake huwa kushoto kwetu, na kila tunalolifanya kwa kuiokoa ndilo linaloiangusha. Tulianguka mara nyingi hata tukakata tamaa. Mwanetu alicheka, akasema, "Baba, wewe waiendesha ukiwa umeketi hapa. Jifikirie umeketi ndani yake, kisha ulize kulia ni wapi." Tulijaribu. Tuliiokoa mara moja, kisha tukaiangusha, lakini tulikwisha kulielewa somo, na hatudhani lilihusu helikopta peke yake. Kwa muda wa mwaka mzima yeye alikuwa ametugeukia uso, nasi tulikuwa tukimsukuma kwa kulia kwetu.

Amerudi kwenye juzuu ya 9, na juma lililopita aliisoma yote kwa kusita mara mbili tu. Hajaanza ya 10. Amesema ataanza mwenyewe atakapokuwa tayari, nasi tumenyamaza. Katika kompyuta amefikia dakika moja na sekunde 40. Mjomba hajaituma helikopta, naye hajauliza.

Twamwomba Mwenyezi Mungu awajaalie watoto wetu kuwa kituliza macho chetu, na atujaalie sisi kuwa wazazi wanaouliza kabla ya kuhukumu. Amin.